Moshi wa Jikoni katika Historia ya Bondeni

Tunapoutaja utamaduni wa taifa letu, aghalabu fikra zetu hukimbilia ngoma, mavazi, mashairi na mila za ndoa. Jiko husahauliwa. Hata hivyo, ni vigumu kupata mahali pengine ambapo utamaduni wa watu hutendwa kila siku, tena bila kualika watazamaji, kama palipo na mafiga. Namna watu wanavyokoka moto, kuni wanazozipenda, nani anayekwenda kuzitafuta, nyumba inayousitiri moto huo, na njia ambayo moshi huipita ili utoke nje, yote hayo ni historia, ijapokuwa haikuandikwa na mtu kwa kukusudia kuiandika. Makala haya yanaitazama historia hiyo katika sehemu moja ya nchi yetu, yaani Bondeni. Yanataka pia kulitafakari swali ambalo sasa linaulizwa katika taifa zima: moshi huu unaowaumiza mama zetu na watoto wetu, uondolewe vipi?

Wenyeji wa Rungwe na Kyela wanaposema Bondeni huwa na maana ya ule uwanda ulio kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, chini ya milima ya Rungwe. Mashariki yake imesimama Milima ya Livingstone, ambayo karibu na Matema huteremka hadi majini kama ukuta. Magharibi unapita mto Songwe, ulio mpaka wetu na Malawi. Katikati ya uwanda hupita mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo, nayo hushuka kutoka milimani kwa kasi na kuufurikisha uwanda mara kwa mara. Wengi wa wakazi wake ni Wanyakyusa. Ukingoni mwa ziwa, upande wa Milima ya Livingstone, wako Wakisi, wavuvi na wafinyanzi. Nchi hii hujulikana kwa mchele wake unaonukia na kwa kokoa yake. Hujulikana pia kwa mvua, ambayo kwa mwaka hupita milimita 2,000, kiasi ambacho sehemu nyingi za Tanzania hazikioni hata kwa miaka miwili.

Mvua hiyo ndiyo ufunguo wa kwanza wa habari yetu. Ukuni mkavu huungua kwa mwali mwangavu, na moshi wake ni haba. Ukuni uliolowa hauna budi kwanza kuyachemsha maji yaliyomo ndani yake. Joto linaliwa na maji hayo, mwali hauinuki, na vile vitu ambavyo vingeungua hutoka nje vikiwa vizima, vimekuwa moshi. Kwa hiyo kati ya Machi na Mei, mvua zinapokuwa nyingi kabisa, mpishi wa Bondeni hutumia kuni nyingi zaidi, hukaa jikoni muda mrefu zaidi, na huvuta moshi mwingi zaidi kwa sufuria ile ile ya ndizi. Mwenzake wa Dodoma anaweza kuwa na shida ya kupata kuni, lakini shida hii ya pili haijui.

Hapa naomba msomaji aniwie radhi nitoke njiani kidogo. Mgeni anayefika pwani ya Nyasa kwa mara ya kwanza huweza kuona nguzo kubwa za moshi zikisimama katikati ya ziwa, mahali pasipo na chombo wala kisiwa. Huo si moshi. Ni mawingu ya wadudu wadogo mfano wa usubi, wanaozuka majini kwa mamilioni wakati mmoja. David Livingstone, alipoyaona katika karne ya 19, aliyafananisha na moshi wa nyasi zinazoungua. Watu wa kando ya ziwa huwakusanya wadudu hao, wakawaponda na kuwapika. Kwa hiyo katika nchi hii hata kinachofanana na moshi kina matumizi yake, na jambo hilo litusaidie kuuelewa moshi wenyewe.

Maana katika nyumba ya kale ya Bondeni moshi ulikuwa na kazi. Joseph Thomson, Mskoti aliyefika ncha ya kaskazini ya ziwa mwaka 1879, alistaajabia usafi wa vijiji alivyoviona, migomba iliyovizunguka, na ufundi wa nyumba zake. Nyumba hizo zilijengwa kwa mianzi na udongo, zikaezekwa kwa nyasi. Ng'ombe, ambao ndio waliokuwa utajiri wa mtu, walilala ndani ya nyumba pamoja na wenyewe, na moto uliwashwa humo humo. Moshi ulipanda polepole, ukakaa kwa muda chini ya paa, kisha ukapenya katikati ya nyasi ukatoka. Katika safari hiyo fupi ulifanya mambo mengi. Ulikausha mianzi na nyasi ukazipaka masizi, hata wadudu watobozi wasizile upesi. Mbegu za mahindi zilizotundikwa juu ya moto zilinusurika na fukusi. Samaki waliowekwa juu ya uchaga, kama vile mbasa wanaopanda mitoni wakati wa mvua, walikaa siku nyingi bila kuoza. Na katika uwanda uliojaa maji yaliyotuama, ambako mbu hawana msimu wa kupumzika, watu na ng'ombe walijisitiri kwa moshi usiku kucha.

Sisemi haya ili kuyatukuza ya kale kupita kiasi. Bibi aliyekaa miaka hamsini mbele ya moto huo alikuwa na macho mekundu na kikohozi kisichokwisha, na hapakuwa na mganga aliyemwambia sababu yake. Ila ni haki tuseme kwamba waliouacha moshi ukae ndani hawakufanya hivyo kwa ujinga. Walipima faida na hasara kwa kadiri ya ujuzi waliokuwa nao, wakaona faida imezidi. Na paa lao lilipumua.

Kuna jambo jingine la kale ambalo lafaa kukumbukwa hapa kwa uangalifu zaidi, nalo linahusu moto wenyewe. Wanyakyusa walikuwa na desturi ambayo haikuwa na mfano wake mahali pengi katika Afrika: vijiji vyao vilipangwa kwa rika. Watoto wa kiume walipofikia umri wa miaka kumi hivi walitoka nyumbani kwa baba zao, wakajenga vibanda vyao mahali pamoja, wakaanzisha kijiji ambacho wangekaa humo pamoja maisha yao yote. Kwa muda mrefu vijana hao walirudi kula kwa mama zao, lakini hawakurudi mmoja mmoja. Walikwenda kundi zima kwa mama wa huyu leo, na kwa mama wa yule kesho. Godfrey na Monica Wilson, wataalamu wa elimu ya jamii waliofanya utafiti Unyakyusa kati ya miaka 1934 na 1938, waliyaeleza mambo haya kwa kirefu, na kitabu cha Monica Wilson juu ya vijiji vya rika kilitoka mwaka 1951. Figa la mama mmoja, kwa namna hiyo, lilikuwa figa la rika zima.

Kila kizazi kimoja, yaani baada ya miaka thelathini hivi, ilifanywa sherehe iliyoitwa ubusoka. Katika sherehe hiyo wazee walikabidhi nchi kwa wana wao: machifu wapya walitawazwa na ardhi ikagawanywa upya. Wakati huo moto wa zamani ulizimwa majumbani. Mganga alipekecha moto mpya kwa vijiti, nao ukachukuliwa kutoka hapo ukapelekwa nyumba kwa nyumba. Hapakuwa na mtu aliyebaki na moto wake wa jana akisema kwamba wake bado unawaka vizuri. Jambo hili wengine watalitia katika fungu la mila zilizopitwa na wakati, na ni kweli kwamba ubusoka haufanywi tena kama zamani. Lakini mimi nalitazama kama ushahidi wa kihistoria. Linatuambia kwamba watu hawa walijua kuugeuza moto wa nchi nzima kwa pamoja, na kwamba waliuhesabu moto kuwa jambo la nchi.

Mabadiliko yaliyofuata yalikuja kupitia nyumba. Mwaka 1891 wamisionari wa Kijerumani, wa Moravian na wa Berlin, walifika Unyakyusa, wakaanza kujenga kwa matofali. Baada yao ulikuja utawala wa Kijerumani, kisha wa Kiingereza, na pamoja nao maduka, shule, fedha za kahawa huko juu na za mpunga huku chini. Nyumba ya tofali za kuchoma iliyoezekwa bati ikawa alama ya mtu aliyeendelea. Baada ya uhuru alama hiyo iliwafikia watu wengi zaidi, na leo hata katika vijiji vilivyo mbali na barabara kuu nyumba za matofali ni za kawaida. Ng'ombe walitolewa nje. Jiko nalo likatolewa, likawa kibanda cha peke yake nyuma ya nyumba.

Kwa hesabu ya kwanza hii ilikuwa nafuu, kwa kuwa chumba cha kulala kilipona. Lakini tukitazama vizuri tutaona kwamba moshi haukupungua. Ulihamishwa tu, na aliyehamishwa pamoja nao ni mama. Kibanda cha jiko hujengwa mwisho, kwa tofali zilizobaki na kwa bati kuukuu. Dirisha lake ni dogo kwa hofu ya wezi na mvua, na pengine halipo kabisa. Bati halipumui kama nyasi. Wakati wa zamani moshi uliokaa ndani uliwafikia wote, baba mwenyewe na ng'ombe wake wakiwemo; sasa unamfikia mpishi, mtoto aliye mgongoni mwake, na binti anayejifunza kupika. Mwenye fedha ya kununua bati ni mwingine, mwenye kuvuta moshi ni mwingine. Mimi nadhani hii ndiyo sababu kubwa iliyofanya dohani, ambayo ni kifaa cha kale sana na chepesi kujengwa, isienee Bondeni. Nyumba imekwisha kupata bati, milango, saruji na rangi kabla mtu hajakumbuka tundu la kutolea moshi jikoni. Hata tofali zenyewe zilichomwa kwa kuni, na kila tanuru lilikula miti ambayo ingepika chakula kwa muda mrefu.

Baadhi ya kazi za kale za moshi nazo zilipata mbadala. Mwaka 2004 Serikali ilianza mpango wa Hati Punguzo, ambao uliwawezesha akina mama wajawazito kupata vyandarua kwa bei nafuu, na baadaye vyandarua viligawiwa kwa kaya zote. Chandarua kilichotiwa dawa hufanya kazi ya kuzuia mbu vyema kuliko moshi, wala hakimkoholeshi mtu. Bati halihitaji masizi. Kazi ya kukausha samaki tu ndiyo iliyobaki na nguvu zake, na ninyi mliopita Matema mnajua kwa nini: usipa huweza kuanikwa juani, lakini jua la Bondeni halina ahadi.

Sasa tuutazame mji. Kyela ulikua kutoka kituo cha biashara ya mpunga hadi kuwa makao makuu ya wilaya, na nyumba zake zimekaribiana. Jioni, saa kumi na mbili hadi saa mbili, upepo wa ziwa unapotulia, moshi wa majiko hulala juu ya mabati kama shuka. Sisi watunga mashairi tumeusifu mno moshi wa jioni. Tumeufanya alama ya nyumbani na ya chakula kinachongojwa. Huenda ni kwa sababu aliyekuwa akitunga alikuwa nje. Moshi huo hautoki katika kuni pekee. Umo wa majani makavu ya migomba, wa takataka zinazochomwa uani, na wa malundo ya pumba yaliyo karibu na mashine za kukoboa mpunga, ambayo yakishika moto hufuka kwa siku nyingi bila kuonyesha mwali. Mkaa nao umekuwa moto wa mjini. Huonekana safi kwa kuwa moshi wake ni mdogo machoni, lakini hutoa hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na wako walioingiza jiko la mkaa chumbani usiku wa baridi wasiamke.

Wataalamu wa afya wanatufundisha kwamba sehemu ya moshi iliyo mbaya zaidi ni ile tusiyoiona: chembe ndogo zisizofikia milimita moja ikigawanywa mara mia nne, ambazo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu na kuingia katika damu. Huleta nimonia kwa watoto wachanga, na kwa watu wazima maradhi ya mapafu, moyo na kiharusi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 duniani. Hapa Tanzania hesabu iliyotajwa na Serikali ni kiasi cha vifo 33,000 kwa mwaka. Chembe hizo haziheshimu ukuta wa jirani. Mtu anayepika kwa umeme katikati ya mtaa unaopika kwa kuni hupumua hewa ya mtaa.

Hayo yaliwafika wengine kabla yetu. Jiji la London lilipikia na kuota moto wa makaa ya mawe kwa karne nyingi. Mfalme Edward I, mwanzoni mwa karne ya 14, aliyapiga marufuku makaa hayo katika matanuri ya jiji, na amri yake ikapuuzwa, kwa kuwa kuni zilikuwa ghali na hakuwapa watu kitu kingine. Karne zikapita. Tarehe 5 Desemba 1952 hewa baridi ililala juu ya jiji isisogee, na moshi wa mamilioni ya mekoni na wa viwanda ukabaki chini yake siku tano. Watu hawakuweza kuona miguu yao wenyewe. Hesabu ya kwanza ilitaja vifo 4,000. Uchunguzi wa baadaye umefikisha idadi hiyo kwenye 12,000 hivi. Waingereza waliupenda moto wao wa wazi kama sisi tunavyoyapenda mafiga, wakiuona kuwa ndio uhai wa nyumba, na wako waliosema hautaachwa kamwe.

Sheria ya Hewa Safi ilipitishwa mwaka 1956. La kutazamwa katika sheria hiyo ni namna ilivyotenda. Haikumtafuta mpishi mmoja mmoja. Iliruhusu halmashauri za miji kutangaza eneo zima, mtaa kwa mtaa, kuwa eneo lisilo na moshi. Na katika eneo hilo mwenye nyumba aliyelazimika kubadili jiko alirudishiwa sehemu saba katika kumi za gharama zake kutoka katika fedha za umma. Wakati huo huo gesi, umeme na makaa yaliyokwisha kuondolewa moshi yalikuwa yanapatikana madukani. Kazi ilichukua miaka mingi, lakini mtaa uliotangazwa ulitakata.

Mfano wa pili hauko mbali hivyo. Ng'ambo ya Songwe, katika wilaya ya Karonga nchini Malawi, wanakaa Wangonde, ambao lugha yao na mila zao ni ndugu na za Wanyakyusa, na ambao ziwa lao na mvua zao ni hizi hizi. Kuanzia mwaka 2013 hadi 2016 ulifanywa huko, pamoja na wilaya ya Chikhwawa iliyo kusini, utafiti mkubwa kupita wote uliopata kufanywa juu ya majiko na nimonia ya watoto. Ulihusu vijiji 150 na watoto zaidi ya 10,000 walio chini ya miaka mitano. Katika nusu ya vijiji hivyo kila kaya iliyoingizwa katika utafiti ilipewa majiko mawili ya kuni yenye feni ndogo inayopuliza moto, pamoja na kibao cha jua cha kuijaza nguvu. Majiko hayo yalitoa moshi mdogo sana kuliko mafiga. Watu wengi, na nadhani hata watafiti wenyewe, walitarajia nimonia ipungue.

Haikupungua. Matokeo yalipotangazwa mwishoni mwa mwaka 2016, watoto wa vijiji vyenye majiko mapya na watoto wa vijiji vya mafiga walikuwa wameugua nimonia karibu sawasawa. Ajali za kuungua zilipungua, na hilo si jambo dogo kwa mzazi yeyote. Lakini mapafu hayakuona tofauti. Katika kutafuta sababu, watafiti waliutaja moshi unaotoka kwingine: takataka zinazochomwa, tumbaku, na moto mwingineo ulio karibu na nyumba. Kaya zilizopewa majiko ni zile zilizokuwa na watoto wadogo. Jirani asiye na mtoto aliendelea na mafiga yake kama kawaida. Baadhi ya majiko yaliharibika yakahitaji matengenezo. Wako waliosoma habari hizi wakahitimisha kwamba majiko bora hayana maana. Mimi nazisoma vingine. Naona zinasema lile lile lililosemwa na London: hewa ni ya kijiji, na kijiji hakisafishwi kwa kaya moja moja zilizotawanyika. Wahenga walisema jifya moja haliinjiki chungu.

Kwa mizani hiyo tuyapime yaliyotendwa hapa nchini. Januari 2006 Serikali ilipiga marufuku biashara ya mkaa ili kuokoa misitu. Marufuku ikadumu majuma mawili hivi, kwa kuwa mijini hapakuwa na kitu cha kupikia badala yake. Hiyo ilikuwa amri ya mfalme Edward katika ardhi yetu. Hatua zilizoanza Novemba 2022, ulipofanyika mjadala wa kitaifa wa nishati ya kupikia, ni za namna nyingine. Tarehe 8 Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa kitaifa wenye shabaha ya kuwafikisha Watanzania asilimia 80 kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034, ilhali mwaka 2021 waliofikiwa walikuwa asilimia 6.9 tu. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya mia moja ziliagizwa kuacha kuni na mkaa. Wakala wa Nishati Vijijini umekuwa ukiuza mitungi ya gesi ya kilo sita vijijini kwa nusu ya bei. Safari hii, basi, watu wanakatazwa huku wakipewa.

Agizo la taasisi nalipa uzito kuliko mengine. Shule ya bweni yenye wanafunzi mia sita ni mtaa mzima wa moshi uliokusanywa katika dohani moja, au mara nyingi pasipo na dohani. Likibadilika jiko la shule, la gereza na la hospitali, hewa ya eneo zima hubadilika siku moja, na wanafunzi wanaoona wali ukipikwa bila moshi huenda nyumbani na habari hiyo. Wasiwasi wangu uko kwenye mitungi midogo. Mtungi uliotolewa kwa kaya moja, ukaisha mwezi wa Aprili wakati mpunga bado uko shambani na fedha haipo, hurudisha kaya hiyo kwenye kuni mbichi katika majira yale yale ambayo moshi wake ni mbaya zaidi. Hapo inahitajika ruzuku inayoujua msimu wa mkulima, na inayotolewa kwa kitongoji kizima kwa pamoja.

Bondeni ina vitu vyake pia. Jirani yake, katika eneo la Songwe na Kiwira, yamo makaa ya mawe. Mgodi wa Kiwira ulianza uzalishaji mwaka 1988 kwa msaada wa China, na siku hizi STAMICO inayatumia makaa ya huko kutengeneza mkaa mbadala uitwao Rafiki Briquettes. Utaokoa miti, bila shaka. Lakini tusisahau kwamba mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilishauri makaa ya mawe yasiyosafishwa yasitumike kabisa majumbani, na kwamba makaa hayo ndiyo yaliyoifunika London. Kwa hiyo kabla ya kuyaingiza katika kibanda cha bati kisicho na dirisha yafaa yapimwe moshi wake na hewa yake ya sumu, tena yapimwe jikoni kwa mama, si katika maabara tu. Pumba za mpunga na maganda ya kokoa, ambavyo leo vinaungua bure vikiuchafua mji, vinaweza kushindiliwa vikawa kuni kavu; mashine zake si za ajabu, na malighafi haihitaji kusafirishwa.

Na wako wafinyanzi wa Ikombe. Akina mama wa Kikisi, katika rasi ile iliyo mbele ya Matema, hufinyanga vyungu ambavyo husafirishwa kwa mitumbwi hadi soko la Jumamosi la Lyulilo, na kutoka hapo huenda mbali sana. Mikono yao inajua udongo kuliko kitabu chochote. Nchini Kenya, tangu miaka ya 1980, vikundi vya akina mama wafinyanzi vimekuwa vikitengeneza moyo wa udongo wa majiko ya kuni na ya mkaa, kazi iliyowapa kipato na kupunguza kuni. Bondeni kazi hiyo ingewaangukia Wakisi. Lakini liko jambo ambalo wao wataliona kabla ya mhandisi yeyote. Chungu cha mafiga kina kitako cha mviringo, kwa sababu kilikusudiwa kuketi juu ya mawe matatu. Kikiwekwa juu ya jiko la gesi huyumba. Anayepika maharage kwa saa tatu, na anayeamini kwamba maharage ya chunguni ni matamu kuliko ya sufuria (nami ni mmoja wao), hatauacha moto wa mafiga mpaka apate chungu kinachokaa juu ya moto mpya. Kwa hiyo wakati mitungi inapogawanywa Matema na Ikombe, wafinyanzi nao waitwe mkutanoni, wapewe jiko hilo walipime kwa mikono yao, kisha waachwe waamue kitako kiwe cha namna gani.